Daunhili kamili au enduro ya 170? Kwanza niambie mlima utaupanda na nini

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Rongai, nimelifupisha kidogo:

"Fundi salamu. Mi ni mtu wa kilo 68, urefu futi tano na inchi tisa. Nimeendesha haditeli (isiyo na shoki nyuma) miaka mitatu, Karura katikati ya wiki na Ngong Hills wikendi, sasa nataka kuruka na kushuka kwa nguvu, friraidi na daunhili. Binamu yangu anaishi Vancouver, anakuja Disemba na amekubali kunibebea baiskeli moja ya mtumba. Amepata mbili, bei karibu sawa. Ya kwanza ni daunhili ya 2011, foki ya dabo kraun (inashikwa juu na chini ya bomba la usukani), treveli (umbali shoki inaobonyea) milimita 200 mbele na nyuma, magurudumu inchi 26, shoki ya springi. Ya pili ni enduro ya 2018 (ya kupanda kwa pedeli na kushuka kwa kasi), 170 mbele na 160 nyuma, magurudumu 27.5, shoki ya hewa. Moyo unataka ile ya kwanza. Nichukue gani, na akague nini kabla ya kulipa?"

Mdogo wangu, huo moyo naujua vizuri sana, hata mimi ulinipeleka huko huko. Nilifanya ufundi wa baiskeli miaka kadhaa British Columbia, jimbo la Canada lenye Vancouver, kazi yangu kubwa ilikuwa kufungua foki na shoki za watu waliozitesa msimu mzima, na siku ya kurudi nyumbani nikasema mimi sirudi na baiskeli ya wazee, narudi na daunhili, dabo kraun, 200 mbele 200 nyuma. Airport watu waliiangalia kama pikipiki. Jumamosi ya kwanza nikaipeleka Ngong.

Kushuka nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kupanda ndio sasa. Niliisukuma kwa mguu, kilo kumi na nane, kiti kiko chini ya magoti na hakipandi, jua la saa nne, na wamama wanaotembea kwa mazoezi wananipita wakinipa pole. Safari ya pili nikalipa boda anibebe na baiskeli begani, tukaenda mita mia tatu hivi upepo wa huko juu ukaikamata ile baiskeli kama tanga na yule jamaa akasimama, akanirudishia pesa yangu, akaondoka bila kusema neno. Nilishuka mara mbili siku nzima. Whistler, mlima wa huko British Columbia wenye lifti za baiskeli, ambako hiyo baiskeli ilitengenezewa maisha yake, naeza shuka mara kumi na tatu kwa siku, manake baiskeli inapanda kwa lifti na mimi nimekaa kando yake nakula ndizi.

Kwa hivo kabla hujaniuliza treveli ngapi nijibu: wewe mlima unaupanda na nini? Hapo ndipo baiskeli yako inaamuliwa, si kwenye kushuka. Kushuka zote mbili zitashuka.

Hebu piga hesabu. Daunhili nyingi zinakuja na sproketi ya mbele kama meno 36, na kaseti ndogo (rundo la sproketi za nyuma) ambayo sproketi kubwa kabisa ina meno kama 24 au 25, sababu hakuna mtu alitarajia uipandishe mlima. 36 kwa 24 ni moja na nusu, yaani ukizungusha pedeli mara moja gurudumu linazunguka mara moja na nusu, na gurudumu la 26 likizunguka mara moja ni kama mita mbili na kitu, kwa hivo kila mzunguko wa pedeli unataka usukume karibu mita tatu za mlima. Enduro ya siku hizi ina 32 mbele na 50 nyuma, hapo kila mzunguko ni mita moja na nusu hata haifiki. Mara mbili rahisi! Ongeza ile tofauti ya uzito, ongeza kiti kinachopanda na kushuka kwa kidole (dropa), alafu uniambie utapanda na gani. Usiniambie utabadilisha kaseti, si kazi rahisi kwenye daunhili, na hata ukifanikiwa, bomba la kiti ni fupi sana na limelala nyuma kiasi kwamba ukikaa kupiga pedeli magoti yanakugonga kifua.

Nikueleze kitu kidogo kuhusu majina mawili uliyoyataja, daunhili na friraidi, manake watu wanayachanganya na wauzaji wanapenda yachanganywe. Daunhili ni mbio, kuna saa, kuna njia iliyofungwa kamba pande zote mbili, na baiskeli yake imejengwa iwe imara kwa spidi kubwa juu ya mawe: ndefu, usukani umelala, shoki zinameza kila kitu. Friraidi haina saa. Ni kuruka, dropu (kujidondosha kutoka juu), madaraja ya mbao, kuteremka ukingo ambao mtu mwenye akili angezunguka. Ilikomaa miaka ya 90 kwenye milima ya North Shore pale juu ya Vancouver, huko anakoishi binamu yako, na mwaka 2001 ikapata shindano lake kubwa kule jangwa la Utah, Red Bull Rampage, ambalo la kwanza lilichukuliwa na Wade Simmons. Wale wa Rampage ndio wanapanda dabo kraun, ni kweli, lakini wale wanaruka kutoka ghorofani, wewe bado hujafika huko na usione haya.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawajui. Hapo hapo North Shore, mlima wa Fromme hauna lifti. Watu wanapanda kwa pedeli, saa nzima hivi, alafu wanashuka njia ambazo ungeziona ungesema hapa ni daunhili tupu. Na wanapanda na nini? Baiskeli kama hiyo ya pili yako. 160, 170, kraun moja, dropa. Kama kwao ambako lifti za Whistler ziko karibu saa mbili kwa gari wameamua hivo, wewe wa Rongai usiye na lifti hata ya mizigo unajitesea nini?

Na usidhani unashushwa daraja. Ile daunhili ya 2011, pembe ya bomba la usukani (ikiwa ndogo baiskeli inatulia zaidi ukishuka) itakuwa kama digrii 64, labda 63 na nusu. Enduro ya 2018 ni kama 65. Digrii moja tu imebaki hapo! Alafu zile za zamani zilikuwa fupi, kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi bomba la usukani ukipima kwa mlalo, huo urefu wanaita richi, saizi ya kati ya miaka ile ilikuwa karibu milimita 400 au hata chini, na mtu wa futi tano na inchi tisa leo angepewa 440 kwenda juu. Ukiwa kwenye baiskeli fupi, pale njia inaposimama wima kama ngazi unajikuta umening'inia juu ya gurudumu la mbele, na hapo ndio watu wanatupwa. Urefu huo unakushika zaidi ya milimita 30 au 40 za shoki. Hii kauli kuna watu watanipinga, wanipinge.

Ungekuwa na pikapu na dereva mvumilivu wa kukupeleka juu mara nane kwa siku, au ungekuwa umehamia huko kwa binamu na tikiti ya msimu ya Whistler, ningekwambia chukua dabo kraun hata usilale. Wewe hujaniambia una pikapu.

Tuje kwenye spea, manake hapa ndipo mimi niliumia. Ya 2011 ina magurudumu 26. Utasema fundi, tairi za 26 si zimejaa Gikomba? Zimejaa, lakini hizo ni za baiskeli za kubeba maziwa. Ngozi yake ni nyembamba kama gazeti, ukiangukia jiwe la Ngong kutoka mita moja juu imekatika ubavuni na rimu imepinda. Ngozi ya daunhili ni mbili au zaidi, nene, na pembeni ina mpira wa ziada, na kwa 26 aina zake zinapungua kila mwaka, huko huko Canada unaagiza unangoja. Foki mpya nzuri ya 26, sahau. Ekseli ya mbele ni ya milimita 20, habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma upana wa 150, kila kitu ni cha kutafuta. Ya 2018 uwezekano mkubwa ni habu ya 148 nyuma, na mbele habu ya 110 kwa ekseli ya 15, ambazo mpaka leo zinauzwa.

Shoki ya springi sasa. Siisemi vibaya, ni tamu, haichoki ukishuka muda mrefu, na haisumbui kama ya hewa. Shida yake ni kwamba springi inapimwa kwa uzito wa mtu. Mwambie binamu asome namba zilizoandikwa kwenye ile springi, atakuta kitu kama 400 x 3.0. Ile 400 ndio ugumu, pauni kwa inchi. Kama muuzaji ni Mkanada wa kilo 95 hiyo ndio itakuwa namba yake, sawa kabisa kwake. Wewe wa kilo 68 na helmeti na maji mgongoni, kwa fremu ya 200 yenye shoki ya inchi tatu, nikipiga hesabu napata karibu 275 au 300. Ukipanda ya 400 utakuwa na treveli 200 kwa karatasi, lakini kwa maisha hutaifikia. Kila jiwe litapita mpaka kwenye meno. Na springi ya 275 Nairobi utaitoa wapi? Ya hewa unaongeza au kupunguza kwa pampu, dakika tano, umemaliza.

Yangu iliniharibikia kwa njia nyingine, sili (raba inayozuia oili na gesi kuvuja) ikapasuka siku moja na ile chemba ya pembeni yenye gesi ikaisha. Nikaona ujanja, si gereji za tairi zinauza naitrojeni? Nikaenda. Kijana wa watu akaniuliza niweke ngapi, nikamwambia kama psi 200, akaangalia mashine yake, akaniangalia mimi, akaniuliza kama hiyo ni tairi ya ndege. Nilingoja sili kutoka nje wiki saba.

Kwa hivo jibu: chukua ya pili. Ila usiichukue vivi hivi, enduro ikitoka dukani imewekwa vitu vya kupunguza uzito na wewe unaenda kuruka nayo. Badilisha tairi kwanza kabla ya kitu chochote. Weka ngozi ya daunhili nyuma, mbele unaweza kuweka ya kati kidogo. Mimi napenda Maxxis Assegai mbele, ile waliyoibuni pamoja na Greg Minnaar, mkimbiaji wa daunhili wa Afrika Kusini, na Minion nyuma, upana 2.4 au 2.5, tyublesi (bila tyubu) na maji yake ya kuziba ndani. Kwa uzito wako anza psi 23 mbele na 26 nyuma. Ukisikia rimu inagonga jiwe ongeza mbili, usiongeze kumi. Mwambie binamu anunue tairi huko huko azikunje kwenye begi la nguo.

Breki ziwe za pistoni nne, diski za milimita 200 au 203 mbele na nyuma. Kama imekuja na 180 nyuma, diski na adapta si pesa nyingi. Na hapa nataka uniskize vizuri: jua breki zako zinatumia oili gani. Za Shimano ni oili ya madini. Za SRAM za mwaka huo ni DOT, ile ile ya magari, unaipata Kirinyaga Road kwa duka lolote la spea, na hilo peke yake kwetu ni faida kubwa. Lakini usichanganye kamwe. Mteja aliniletea breki za oili ya madini ambazo fundi wa pikipiki alizijaza DOT, breki ni breki si ndio, na sili zote ndani zilikuwa zimevimba kama maharagwe yaliyolala kwenye maji. Lever ikivutwa hairudi. Hizo hazikutengenezwa tena, tulitupa.

Ukaguzi. Mwambie binamu akupigie video akiwa pale kwa muuzaji, saa za mchana, na aende na kitambaa. Apanguse fremu kabisa mahali bomba la chini linakutana na la usukani, hapo ndipo nyufa huanza, zinaonekana kama unywele mmoja kwenye rangi, na ukipitisha ukucha unakwama. Apanguse vilevile mkono wa nyuma karibu na boliti za linki, na chini ya fremu karibu na pedeli. Kama ni kaboni, apige pole pole na sarafu bomba lote, sauti ibaki moja, ikifika mahali ikawa butu kama unagonga kadibodi, aage aende zake. Alafu ashike kiti akiinue juu kidogo, gurudumu la nyuma libaki limegusa ardhi, anyanyue na kushusha. Kukiwa na "tok tok" ndogo, kuna bushi ya shoki au beringi imechoka. Hiyo si mwisho wa dunia, beringi za linki nyingi ni saizi za kawaida, 6902, 6900, na hata Industrial Area unazipata, japo zile zilizojazwa gololi kamili bila keji ndizo zinadumu hapo, za kawaida zitakushika msimu mmoja. Tumia hiyo "tok tok" kupunguziwa bei.

Miguu ya foki, ile sehemu inayong'aa, apitishe ukucha tena, juu mpaka chini, mbele na nyuma. Mkwaruzo wa kuonekana tu si neno. Mkwaruzo unaoshika ukucha, na uko pale ambapo sili inapita, utakula sili kila mwezi. Aangalie pia kama rangi imeisha nyuma ya miguu na kubaki chuma cheupe, hapo foki ilikaa bila oili muda mrefu, na sehemu mpya ni bei ya nusu foki. Shoki ya nyuma aisukume kwa uzito wake taratibu aachilie. Irudi kimya kimya kwa spidi moja. Ikipiga kelele ya "chwa chwa" kama kiatu chenye maji, hewa imeingia kwenye oili. Amwulize muuzaji mara ya mwisho zilifunguliwa lini. Foki nyingi miguu ya chini inataka oili mpya kila masaa 50 hivi ya kuendesha, na kama jamaa atashangaa kusikia hivo basi umepata jibu.

Kuna swali lingine najua utaniuliza, kama unaweza kufunga dabo kraun kwenye hiyo enduro. Fremu nyingi hazikuruhusiwa, nguvu inayopanda kwenye bomba la usukani ni nyingine kabisa. Acha.

Ikifika, usiruke siku ya kwanza. Kwanza weka sagi, yaani kiasi shoki inachobonyea kwa uzito wako tu. Vaa kila kitu utakachovaa mlimani, simama kwenye pedeli karibu na ukuta, sukuma ile raba ndogo kwenye shoki mpaka iguse sili, panda pole pole, shuka pole pole, pima. Kama shoki ina stroki (urefu yenyewe inaobonyea) ya milimita 65, ambayo ni ya kawaida kwa fremu ya 160, unataka raba isogee milimita 19 au 20, yaani asilimia 30. Mbele asilimia 20 mpaka 25. Ukianza kuruka na ukaona raba inafika mwisho kila mara na unasikia kishindo, usikimbilie kujaza hewa, utaharibu sagi, fungua uongeze kile kiplastiki cha kujaza nafasi ndani ya chemba. Kimoja, ujaribu, alafu cha pili.

Pesa ikibaki, helmeti ya uso mzima na pedi za magoti, na kama haitabaki basi punguza kwenye baiskeli ili ibaki. Mi nina meno mawili ya bandia.

Kwa ndege: shirika nyingi begi la bure linaishia kilo 23, daunhili ya 18 ukiweka kwenye boksi ni rahisi ipite, hiyo enduro ya 15 na kitu inaingia. Binamu atoe diski za breki zote mbili asizipinde, aweke kipande cha kadibodi ngumu katikati ya pedi za breki, ama mtu akibana lever njiani pistoni zitatoka na utakuja kunitafuta. Pampu ya shoki ainunue huko. Na kile kichuma kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, hanga, kila fremu ina yake na hapa hutaipata kwa dawa, anunue mbili, moja uifunge kwa selotepu ndani ya begi lako la maji la mgongoni siku hiyo hiyo.